Keria juu ya Peugeot 504: mzigo unabebwa na nini hasa?

Mwenye stesheni wagoni ya zamani akiuliza namna ya kuweka keria juu ya paa, mafundi watatu watampa majibu matatu, kila mmoja kwa uhakika wa mtu asiyetaka kubishiwa. Wa kwanza atamwambia abane kwenye mfereji wa mvua, kazi ya nusu saa, gari libaki kama lilivyo. Wa pili atacheka: keria ya kubana hung'oka njiani, toboa paa ukaze kwa bolti. Wa tatu ana mashine ya kuchomelea na mabomba ya mraba yaliyobaki kwenye kazi ya geti, na kwake suala limekwisha. Pembeni yupo wa nne, mpenzi wa magari ya kale kuliko fundi, anayesema chuma cha umri huo kisiguswe kabisa.

Wote wanne wana hoja. Ila wanabishania keria, ilhali kinachoamua karibu kila kitu ni bati lililo chini yake. Uchambuzi huu unatumia mfano wa Peugeot 504 stesheni wagoni, kwa kuwa ni gari lililozoeleka kupakiwa paani, Afrika na nje yake. Mengi yatakayosemwa yanaihusu pia Peugeot 404, Volvo 240 na stesheni wagoni nyingine yoyote yenye mfereji wa mvua pembezoni mwa paa.

Mkanganyiko ulikotoka

Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Stesheni wagoni ilifuata baadaye. Umbali kati ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma ulikuwa mita 2.90, dhidi ya mita 2.74 za saluni, na lilikuwepo toleo la safu tatu za viti. Nyuma ilipewa ekseli ngumu na springi nne za koili, mbili kila upande. Uundaji wake Ufaransa ulikoma mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuiunganisha kwa miaka mingi baadaye. Kwenye barabara za Kenya ilikuwa teksi ya masafa marefu, abiria wamejaa ndani na magunia juu. Nigeria zile zilizotoka kiwanda cha Kaduna zilifanya kazi hiyohiyo. Ufaransa nako familia zenye asili ya Algeria na Morocco ziliipakia kila kiangazi na kuvuka Mediterania kwenda nyumbani.

Sifa yake ya ugumu ilithibitishwa kwenye Safari Rally. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo 1966, 1967 na 1968. Peugeot 504 ikashinda 1975 na tena 1978. Hapo ndipo kosa la kwanza la hesabu linapoingia. Ushindi ule ulipatikana kwa saluni na kupe zisizobeba gunia hata moja paani, na uliletwa na springi zenye mwendo mrefu, injini isiyosumbua na madereva hodari. Watu wameuchukua ugumu wa chini ya gari wakaupandisha mpaka juu. Paa la 504 ni bati jembamba kama la gari jingine la enzi yake, unene usiofika milimita moja, na halikuwahi kushinda rali yoyote.

Kosa la pili linatoka dukani. Kuanzia miaka ya 1980 watengenezaji walianza kuondoa mifereji ya mvua ili magari yapenye upepo kwa urahisi. Audi 100 ya mwaka 1982, yenye kipimo cha ukinzani wa hewa cha 0.30, ilionyesha wengine njia. Ndiyo maana keria nyingi za leo zimeumbwa kushika reli za pembeni au kingo za milango. Mwenye 504 akikosa inayomfaa hushawishika kulazimisha isiyomfaa, au humwendea fundi wa mageti.

La tatu ni jipya zaidi: mahema ya kulala juu ya gari. Anayeuza hema husema paa likisimama linaweza kubeba zaidi ya linavyobeba likitembea, na hilo ni kweli. Mnunuzi husikia tarakimu kubwa ya gari lililosimama, akaondoka nayo hadi kwenye barabara ya makorongo.

Mfereji wa mvua ni kiungo

Ukilitazama gari hili kwa mbali, mfereji wa mvua unaonekana kama urembo, ukingo mwembamba wa kuzuia maji yasimwagikie abiria anapofungua mlango. Kwa fundi wa bodi, hapo ndipo bati la paa linapokutana na bati la ubavu. Mabati yamepangwa moja juu ya jingine, yakaunganishwa kwa nukta za kuchomelea, kisha juu yake ikapakwa mastiki ya kuziba maji na rangi. Kwa kuwa ni tabaka zaidi ya moja na limekunjwa, eneo hilo ni gumu kuliko sehemu yoyote ya katikati ya paa. Mzigo uliowekwa juu ya mfereji hushuka kwenye ubavu na nguzo za milango, kisha sakafuni. Mzigo uliowekwa katikati ya paa hukaa juu ya ngozi tupu.

Hiyo ndiyo nguvu ya mfereji, na udhaifu wake unatoka palepale. Mahali mabati mawili yanapobanana, maji yakiingia hayatoki. Mastiki ya miaka arobaini au hamsini hukauka na kupasuka, nyufa zake hunyonya maji ya mvua, na pwani huongezeka chumvi ya hewa. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo inapokua katikati ya tabaka huyasukuma mabati yaachane na nukta za kuchomelea hukatika moja baada ya nyingine. Nje rangi inaweza kuwa inang'aa bado. Ndani, kile kilichokuwa kiungo kimebaki karatasi mbili zilizoshikwa na rangi.

Dalili zipo kwa anayezitafuta: rangi iliyovimba kama malengelenge, michirizi ya kahawia chini ya ukingo, madoa kwenye kitambaa cha dari karibu na nguzo. Sumaku ndogo ikipitishwa juu ya mfereji hushika bati na kuteleza palipojazwa puti. Ncha ya bisibisi ikisukumwa taratibu kwenye mastiki iliyopasuka itaeleza yaliyobaki. Ukaguzi huu hauna gharama, nao ndio unaorukwa zaidi. Gari lililopakwa rangi upya lichunguzwe mara mbili, maana fundi wa rangi mwenye haraka huujaza mfereji kwa puti ukalainika na kupendeza, na kibano cha keria kikikazwa juu ya puti kinashika vumbi tu.

Hoja ya kubana

Keria ya kubana ina miguu inayokaa ndani ya mfereji, na kila mguu una ndoano inayoshika ukingo kwa nje kisha hukazwa kwa nati. Ndivyo keria nyingi za enzi ya 404 na 504 zilivyokuwa. Faida yake ya kwanza ni kwamba inaweza kuondolewa: mzigo ukishushwa keria inashuka, na gari linarudi kama lilivyotoka kiwandani. Ya pili haisemwi sana. Bodi ya gari hujipinda kidogo kwenye barabara mbovu, na kibano chenye kipande cha mpira kinakubali kusogea nayo. Bolti iliyokazwa kwenye bati haikubali.

Udhaifu wake unahitaji hesabu. Chukua mzigo wa kilo 80 na keria ya kilo 16, jumla kilo 96. Kwa miguu minne, kila mmoja unabeba kilo 24 gari likiwa limesimama. Gurudumu likidondoka kwenye shimo na kurudi juu, nguvu hiyo inaweza kuzidi mara mbili au tatu kwa nukta ya muda, yaani kilo 50 hadi 70 kwenye sehemu ya mfereji isiyozidi upana wa vidole vichache. Miguu ikiwa minane, mzigo wa kila mmoja unapungua nusu. Kwa hiyo katika paa refu kama la 504, miguu mingi iliyopangwa karibu na nguzo ina thamani kuliko unene wa mabomba ya keria.

Kuna jambo linalofanya kwenye 504 hesabu hii iwe kali zaidi. Zile springi nne za nyuma ziliwekwa kwa ajili ya gari lililojaa. Ukipakia juu ukaacha ndani patupu, nyuma inabaki ngumu na kurukaruka, na misukosuko yote inapanda kwenye miguu ya nyuma ya keria. Kizito kingekaa chini nyuma ya viti, springi zingelala kidogo na paa lingepumua.

Mpira unaowekwa chini ya miguu nao una mawili. Unalinda rangi, na ukitumia keria ya alumini unaitenga na chuma, jambo la lazima pwani ambako metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi huozeshana. Lakini mpira uleule hutunza maji chini yake. Keria ya kubana iliyoachwa juu mwaka mzima huwa na alama za kutu mahali pa kila mguu. Anayeisifu kwamba haiharibu gari anasema kweli iwapo tu anaivua.

Hoja ya kutoboa

Wanaotoboa hawana upumbavu wanaosingiziwa. Mfereji ulioliwa na kutu hauwezi kubana kitu, na teksi inayopakiwa na kupakuliwa mara nne kwa siku haina muda wa kukaza nati nane kila asubuhi. Keria iliyofungwa kwa bolti haitelezi kwenda mbele wakati wa breki, na inaweza kukaa chini zaidi, karibu na paa. Ikifanywa sawasawa, yaani sahani pana ya chuma ndani ya paa chini ya kila bolti, mashimo yaliyopakwa rangi ya kuzuia kutu kingo zake, na mastiki isiyokauka upesi, inaweza kudumu miaka mingi.

Neno zito hapo ni "sawasawa". Ili kuweka sahani ndani lazima kitambaa cha dari kishushwe, na kwenye magari haya kitambaa hicho kimevutwa juu ya nyaya zilizopinda na kugundishwa kingo zote. Kikishushwa baada ya miongo minne, mara nyingi huchanika. Kwa hiyo fundi wa mtaani huruka hatua hiyo: anatoboa kutoka juu, anapiga riveti au skrubu, anamwaga silikoni, anapokea hela yake. Bati la chini ya milimita moja lisilo na sahani hujikunja na kurudi kila gari linapotikisika, mpaka ufa unaanza kwenye tundu. Silikoni huachia. Maji huingia, yanafuata nyaya za dari, na kuonekana mita moja mbele ya yalikoingilia, kiasi kwamba mwenye gari hulaumu raba ya kioo.

Kuna pia suala la thamani. Wapo wanaolitunza gari kwa ajili ya maonyesho kama Africa Concours d'Elegance, yanayofanyika Nairobi tangu mwaka 1970, na wapo wanaolitunza kwa kuwa stesheni wagoni isiyotobolewa inazidi kuadimika. Kwa wote hao shimo halirudi nyuma: linaweza kuzibwa, lakini si bila kupaka rangi paa zima.

Kuchomelea

Hapa hukumu ni fupi. Moto wa kuchomelea hupinda bati jembamba, huunguza mastiki iliyo karibu, na hula rangi ya ndani ya nguzo mahali ambapo brashi haifiki tena. Kutu huanza upande usioonekana. Mabomba yenyewe ni mzigo: bomba la mraba la milimita 25 lenye unene wa milimita 2 lina karibu kilo 1.4 kwa mita, na keria ndefu ya mtindo wa magari ya mbugani hula kwa urahisi mita 20. Hizo ni karibu kilo 29 kabla hujaweka hata begi moja. Magari mengi ya ukubwa huu yaliruhusiwa kubeba paani kati ya kilo 50 na 100, keria ikiwemo. Keria ya namna hiyo imeshakula karibu theluthi ya kikomo cha juu kabisa, au zaidi ya nusu ya kile cha chini.

Kinachoweza kutetewa ni kuchomelea keria pembeni, kwenye benchi, kisha kuifunga kwa vibano vya kutengenezwa. Fundi mwenye vipimo anaweza kuunda miguu inayokaa kwenye mfereji wa 504 vizuri kuliko ya dukani. Chomelea keria, usichomelee gari.

Upepo, breki na kona

Kambi zote tatu hujibu swali la namna ya kushika na kusahau kinachoshikwa. Mizigo yenye upana wa mita moja na kimo cha sentimita 40 juu ya paa inasukumwa na upepo kwa nguvu inayokaribia kilo 12 kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kwenye kilomita 110 nguvu hiyo inakaribia kilo 23. Mwendo haukufika hata mara moja na nusu, lakini nguvu imekaribia maradufu, kwa sababu hupanda kwa mraba wa mwendo. Ndiyo maana keria iliyokaa imara mjini huanza kurudi nyuma kwenye barabara kuu. Aliye Nakuru au Mbeya, kwenye hewa nyepesi ya mwinuko, ana nafuu kidogo, isiyotosha kujivunia.

Breki ni kali kuliko upepo. Ukikanyaga kwa nguvu kwenye lami kavu, mzigo wa kilo 80 unasukuma mbele kwa zaidi ya kilo 50. Keria nyingi za kubana zina uwezo mzuri wa kuzuia kunyanyuka na uwezo mdogo wa kuzuia kuteleza mbele. Mikanda miwili kutoka mbele ya keria hadi sehemu imara chini ya bampa inatatua hilo kuliko kukaza nati zaidi, kwa kuwa nati ikizidishwa huukunja mfereji. Vipande vya tyubu la tairi, vinavyopendwa sana kufungia mizigo, vinafaa kuzuia turubai lisipepee. Kuzuia mzigo mzito navyo havifai: vinavutika wakati hasa visipotakiwa kuvutika.

Kisha kona. Gari la kilo 1,300 lenye kitovu cha uzito kimo cha kama sentimita 55, likibebeshwa kilo 80 kwenye kimo cha mita 1.75, kitovu hicho kinapanda sentimita saba hivi. Hazitoshi kulipindua barabarani kwa mwendo wa adabu. Zinatosha kuonekana dereva anapolikwepa shimo ghafla, hasa kama shokapu zimechoka, na za magari haya nyingi zimechoka.

Sheria na bima zinaweza kupitwa haraka: keria inayovuliwa ni mzigo, keria iliyofungwa kwa kudumu ni badiliko la gari. Badiliko hilo lielezwe kwa kampuni ya bima kabla ya ajali, na mkaguzi wa magari ana haki ya kuliuliza.

Wanaosema isiwekwe

Kambi ya nne hupuuzwa kwa sababu inaonekana kama ya watu wa makumbusho, lakini ina hoja yake ya kihandisi. Stesheni wagoni iliundwa ili mzigo ukae ndani. Ukikunja viti vya nyuma vya 504 unapata sakafu ndefu na tambarare, karibu na barabara, juu ya ekseli iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Sehemu kubwa ya vinavyopandishwa paani vingeweza kukaa humo. Keria pia inaongeza kelele na kula mafuta hata ikiwa tupu, nayo hubaki tupu siku nyingi kuliko inavyopakiwa.

Hoja hiyo inadhoofika abiria wanapokuwa saba. Toleo la safu tatu za viti likijaa watu halibakishi pa kuweka mabegi, na ndiyo maana hasa keria ikawa sehemu ya sura ya gari hili kutoka Kisumu hadi Marseille. Tela ndogo ni jibu la wengine, lakini inahitaji ndoano, taa, maegesho na dereva anayejua kurudi nyuma nayo.

Kuzipima

Kigezo cha kwanza kiwe mfereji, si keria. Mfereji ukiwa mzima, hoja ya kubana inashinda kwa umbali: miguu sita au minane, keria ya alumini au chuma chepesi, vitu vyepesi vyenye ujazo juu na vizito ndani, mikanda ya mbele, nati zikaguliwe upya baada ya kilomita hamsini za kwanza, na keria ivuliwe safari ikiisha. Kwa mtu anayesafiri na familia mara chache kwa mwaka, hakuna sababu ya maana ya kutoboa.

Kutoboa kunabaki na nafasi yake kwenye gari la kazi ambalo paa lake limeshatobolewa, ambalo halitarudi kuwa la maonyesho, na ambalo mwenyewe yuko tayari kulipia kushusha dari na kuweka sahani. Akikosa utayari huo, gharama ya leo atailipa sakafuni, maana maji ya paani huishia chini ya zulia.

Hema ni suala la kando na gumu zaidi. Hema la kilo 50 linaweza kusafiri juu ya 504 yenye mfereji imara na miguu minane, iwapo hakuna kingine kinachowekwa juu. Watu wawili wakilala humo huongeza kilo 140 au zaidi, gari likiwa limesimama. Miguu minane hugawana uzito huo bila shida, ila ngazi na mlango wa hema viko upande mmoja, na mtu anapopanda, miguu miwili ya upande huo hubeba karibu mwili wake wote. Vibano vya upande wa ngazi ndivyo vya kukaguliwa kila asubuhi.

Mfereji ukiwa umeoza, mjadala wa aina ya keria usubiri. Kutoboa hakuukwepi ubovu huo, kwa kuwa mashimo yenyewe hutobolewa pembeni mwa paa, sentimita chache kutoka kwenye kiungo kilekile kinachooza. Kazi ya hapo ni ya fundi wa bodi: kukwangua mastiki yote ya zamani, kukata na kubadilisha bati lililokufa, kupaka rangi ya kuzuia kutu na mastiki mpya. Ni kazi ghali kuliko keria yoyote, na ingehitajika hata kama hakuna aliyewahi kufikiria kubeba kitu paani.